Kiigaji, Kipatanishi na Mashine Pepe: Istilahi za Kuendesha Programu Ngeni katika Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi programu iliyoundwa kwa ajili ya mfumo endeshi mmoja inavyoweza kufanya kazi katika kompyuta inayotumia mfumo endeshi mwingine, na kupendekeza istilahi za Kiswahili za njia zinazotumika. Njia hizo ni tatu, na kila moja ina gharama zake na udhaifu wake. Lakini katika mazungumzo ya kila siku zote zimetiwa katika kapu moja la neno la Kiingereza lililovishwa kanzu ya Kiswahili, yaani "emyuleta". Mchanganyiko huo hauishii katika lugha tu. Mtu anayetaka kununua kompyuta, au kuiokoa ile aliyo nayo, waweza kumtia hasara ya fedha.

Tuuchukue mji wa Bomang'ombe uwe mfano wetu. Mji huu, ambao ni makao makuu ya Wilaya ya Hai, uko kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, mahali inapochepuka njia ya kwenda Sanya Juu. Kama ilivyo katika miji mingine ya aina yake nchini, sehemu kubwa ya kazi ya kompyuta mitaani hufanyika steshenari: humo ndimo barua za maombi ya kazi zipigwapo chapa, mitihani ya shule ikatolewa nakala, na wahitimu wakajaziwa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kompyuta za steshenari aghalabu ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, na aghalabu huendeshwa kwa Windows. Sasa, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani, kwa kuwa inadai vichakataji vya miaka ya karibuni na kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Mwenye kompyuta ya mwaka 2014 hana budi kuchagua: anunue nyingine, aendelee na ile ile bila kinga, au aweke Linux, ambayo hailipiwi.

Akifikiria njia ya tatu, swali lake la kwanza kwa fundi huwa hili: "Programu zangu zitakubali?" Na jibu analopewa mara nyingi ni kwamba ataweka emyuleta, mambo yataisha. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba laweza kuwa na maana tatu, na kati ya hizo moja huenda ikamfaa, ya pili ikailemea kompyuta yake hata isifanye kazi, na ya tatu isihusike kabisa na haja yake.

Ili tuzitenganishe maana hizo, yafaa tuanze na sababu inayoifanya programu ishindwe kuvuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Programu yoyote inahitaji vitu viwili. Kwanza, inahitaji kichakataji, yaani ile sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri moja moja, kiwe ni cha aina inayoielewa lugha ya amri zake. Pili, inahitaji huduma: kufunguliwa faili, kuchorewa dirisha katika kioo, kupelekewa kazi katika printa. Huduma hizo programu haijifanyii yenyewe. Huziomba kwa mfumo endeshi, na kila mfumo una majina yake ya maombi na taratibu zake za kuyajibu.

Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro wanaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa ng'ombe. Ng'ombe wa tambarare huenda malishoni akajitafutia. Ng'ombe wa kihambani hufungwa zizini akaletewa majani, na majani mengine hukatwa huko huko tambarare yakapandishwa mlimani. Matumbo yao ni ya aina moja na chakula chao ni kimoja. Kinachotofautiana ni namna ya kukipata. Ng'ombe wa tambarare akifungwa kihambani bila mtu wa kumkatia majani atakufa njaa, ingawa majani ya kumtosha yapo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa programu ya Windows katika kompyuta ya Linux. Kichakataji ni kile kile, amri ni zile zile. Lakini programu inaomba huduma kwa desturi ya kwao, na hakuna wa kuiitika.

Wakati mwingine, hata hivyo, tumbo lenyewe ni tofauti. Programu iliyoandikwa kwa kichakataji cha aina moja haiwezi kutekelezwa moja kwa moja na kichakataji cha aina nyingine, hata kama mifumo endeshi ingekuwa ya ukoo mmoja. Hapo ndipo inapohitajika njia ya kuiga. Huundwa programu maalumu inayojifanya kuwa kompyuta nyingine: inasoma kila amri ya programu ngeni, inaitambua, kisha inatimiza jambo lile lile kwa amri za kichakataji kilichopo. Kazi hiyo ya kusoma na kugeuza ina gharama, na kwa hiyo kuiga aghalabu ni kwa mwendo wa pole kuliko njia nyingine. Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilipotangaza kompyuta zake za jamii ya System/360, iliwapa wateja uwezo wa kuendelea kutumia programu za kompyuta ya 1401, iliyotoka mwaka 1959, kwa kuigwa ndani ya mashine mpya. Na ni katika kazi hiyo wahandisi wake walipoliingiza neno la Kiingereza la kiigaji katika fani hii. Kampuni ya Apple imebadilisha aina ya vichakataji vya kompyuta zake mara tatu, miaka ya 1994, 2006 na 2020, na kila mara ilitoa programu ya kuzifanyia tafsiri amri za zamani ili watumiaji wasiachwe njiani.

Kwa Kiswahili, watu wengine wameiita zana hiyo "kiigizi". Neno hilo lina kasoro. Linatokana na kitenzi igiza, na igiza imekwisha kutwaliwa na sanaa za maonyesho: tunao waigizaji, maigizo na uigizaji. Msomaji akikutana na kiigizi atafikiri juu ya jukwaa. Kitenzi cha asili, iga, ndicho kinachobeba maana tunayoitaka, na ruwaza ya kukiundia jina ipo tayari katika fani hii hii: kama chakata ilivyotupatia kichakataji, iga itupatie kiigaji. Wingi wake ni viigaji, na tendo lenyewe ni uigaji. Mfano ulio karibu na watu wengi ni DOSBox, kiigaji kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Chenyewe huiga kompyuta nzima ya enzi za DOS, pamoja na kichakataji chake na kadi yake ya sauti. Windows za leo zenye kichakataji cha biti 64 haziwezi kuendesha programu za DOS zenyewe. Kwa hiyo ofisi yenye orodha za zamani za wanachama zilizotunzwa kwa dBase, au maktaba yenye katalogi iliyoundwa kwa CDS/ISIS, programu ambayo UNESCO iliigawa tangu mwaka 1985, yaweza kuzifungua tena kwa msaada wa kiigaji.

Njia ya pili ni ile ya mkata majani. Haimwigi ng'ombe wala haimbadili tumbo. Inamletea chakula kwa namna anayoijua. Zana maarufu ya njia hii ni Wine. Kwa Kiingereza neno hilo ni mvinyo, na nembo yake ni bilauri; lakini si mvinyo wala si mbege. Jina hilo hufafanuliwa pia kuwa ni mkato wa sentensi isemayo "Wine si kiigaji". Yaani watengenezaji wenyewe waliona haja ya kuikana istilahi isiyowafaa tangu kwenye jina, na hilo lingetosha kututanabahisha. Kazi ya kuiunda ilianza mwaka 1993. Alexandre Julliard ameiongoza tangu 1994, na toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15.

Wine inafanya nini? Programu ya Windows inapoomba kufunguliwa faili iliyomo katika diski C, Wine huitika ombi hilo kana kwamba ndiyo Windows. Linux haina diski yenye jina la herufi. Faili zake zote zimening'inia katika shina moja. Kwa hiyo Wine hutenga folda moja na kuifanya iitike jina la C. Tena, katika Linux "Mtihani" na "mtihani" huwa ni faili mbili, ambapo kwa desturi ya Windows ni moja. Wine hulazimika kulitunza hilo pia. Ombi la kuchora dirisha hugeuzwa kuwa ombi la aina ile Linux inayoijua, na la kupiga chapa vivyo hivyo. Amri za kichakataji hazigeuzwi hata moja. Ndiyo maana programu inayokubali katika Wine huweza kwenda kwa kasi inayokaribiana na ya kwao. Wala mtumiaji halazimiki kuwa na leseni ya Windows, ingawa leseni ya programu yenyewe ni jambo jingine.

Jina gani basi tulipe zana hii? "Mkalimani" ni neno zuri na picha yake ni sahihi, lakini lina vizuizi viwili. Kwanza liko katika ngeli ya watu. Pili, wanaofundisha uandishi wa programu wanalihitaji, pamoja na "kifasiri", kwa zana nyingine kabisa, ile inayosoma programu iliyoandikwa na binadamu na kuitekeleza mstari kwa mstari. Tukilitumia hapa tutakuwa tumeanzisha ugomvi mpya. Wengine wamependekeza "tabaka la upatanifu". Hilo limefuata Kiingereza neno kwa neno. Na kwa msomaji wa Tanzania, ambaye amelisikia neno tabaka kwa miaka mingi katika mijadala ya siasa, linaleta harufu isiyohusika na kompyuta. Mimi naona yatosha kuligeuza neno mpatanishi, linalojulikana na kila mtu aliyewahi kusuluhishwa, likaingia katika ngeli ya vitu: kipatanishi. Wanasarufi wanazungumza juu ya upatanisho wa vitenzi na majina. Sioni kwa nini wahandisi wasizungumze juu ya upatanisho wa programu na mifumo.

Udhaifu wa kipatanishi nao unatokana na asili yake. Hujibu maombi yale tu iliyofundishwa kuyajibu. Windows ina maelfu ya maombi ya namna hiyo, mengine hayakuelezwa hadharani, na programu moja ikitumia ombi lisilojulikana hukwama. Matoleo ya karibuni ya Office aghalabu husumbua kuliko ya zamani. Vifaa vinavyodai programu yao maalumu ya Windows katika kiini cha mfumo, kama vile baadhi ya mashine za kusoma alama za vidole, kwa kawaida havifanyi kazi, kwa sababu kipatanishi kinashughulika na maombi ya programu tumizi wala hakishiki mahali pa kiini. Mwenye steshenari atakutana pia na tatizo dogo lenye gharama halisi, nalo ni la herufi. Times New Roman na Calibri ni mali yenye leseni, hazimo katika Linux. Herufi za Liberation na Carlito zilichorwa ili zichukue nafasi zake kwa upana ule ule. Lakini zisipowekwa, mistari husogea, na mtihani uliokuwa wa kurasa mbili hutoka wa kurasa tatu. Kwa shule yenye watahiniwa 200, hizo ni karatasi 200 za ziada, na hakuna aliyekosea kupiga chapa. Fundi mwangalifu huweka herufi kwanza, kabla hajaweka kitu kingine.

Njia ya tatu ni kumzungushia ng'ombe ua na kumletea kipande cha tambarare chenyewe. Huundwa, ndani ya kompyuta, kompyuta nyingine ya kudhania, ikatengewa sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski, kisha Windows kamili ikawekwa humo kama inavyowekwa katika mashine mpya. Programu haihitaji kupatanishwa na lolote, maana imo kwao. IBM ilikuwa na mifumo ya namna hii katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza VM/370. Kwa kompyuta ndogo, VMware ilitoa yake mwaka 1999, na VirtualBox, ambayo watu wengi huitumia bila malipo, ikafuata mwaka 2007. Tangu miaka ya 2005 na 2006 vichakataji vya Intel na AMD vimeongezewa uwezo wa kuisaidia kazi hii, na kwa hiyo amri za mgeni hutekelezwa moja kwa moja pasipo kuigwa.

Istilahi inayotumika sana kwa hii ni "mashine pepe", kwa kufuata barua pepe. Wapo wanaoipinga, nao wana hoja. Pepe katika kamusi ni punje tupu ya nafaka, ile ambayo ikipetwa hupeperuka. Na mkulima akiambiwa ana mashine pepe atadhani amepunjwa. Mimi siitii hoja hiyo, japo naiheshimu. Barua pepe imekwisha kukubalika, na hakuna aidhaniaye kuwa tupu. Zaidi ya hayo, punje tupu ina umbo kamili la punje isipokuwa haina kiini chake, na mashine tunayoizungumzia ina umbo kamili la mashine isipokuwa haina chuma. Ni nadra istilahi ya kubahatisha kuangukia mahali pazuri namna hiyo.

Gharama ya mashine pepe ni kubwa kwa maskini. Windows 10 ya biti 64 inahitaji angalau gigabaiti 2 za kumbukumbu. Kompyuta ya gigabaiti 4 ikimpa mgeni 2, mwenyeji atabaki na 2 za kula yeye na programu zake zote, na wote wawili watakwenda kwa kuchechemea. Tena Windows iliyomo ndani inadai leseni kama nyingine yoyote, na iwapo ni Windows 10, masahihisho yake yamekoma vile vile. Kuificha ndani ya Linux hakukuirudishia uhai. Huyu ndiye mteja wetu wa Bomang'ombe aliyeambiwa aweke emyuleta. Ikiwa fundi alikusudia kipatanishi, kompyuta ya zamani huenda ikamudu. Ikiwa alikusudia mashine pepe, mteja atalipa gharama ya leseni na kubaki na mashine mbili zisizotembea. Ikiwa alikusudia kiigaji cha DOS, hakuna alichopata.

Kwamba tofauti hizi si za kitaaluma tu yaonekana wazi katika kazi ya Microsoft yenyewe. Mwaka 2016 ilitoa zana ya kuendeshea programu za Linux ndani ya Windows, iitwayo WSL. Toleo la kwanza lilikuwa kipatanishi: maombi ya Linux yaligeuzwa kuwa ya Windows. Programu nyingi zilikubali, nyingine zikagoma, na kazi za faili nyingi zilikuwa nzito. Katika toleo la pili, lililotangazwa mwaka 2019, waliiacha njia hiyo wakaingia katika mashine pepe yenye kiini halisi cha Linux. Jina halikubadilika, lakini njia ilibadilika. Asiyekuwa na maneno mawili hawezi hata kulisimulia tukio hilo. Vijana nao wanaocheza michezo ya simu katika kompyuta kwa kutumia BlueStacks huiita emyuleta, hali msingi wake katika matoleo ya leo ni mashine pepe yenye Android ndani.

Pengine msomaji atauliza kwa nini Kiswahili kimechelewa katika eneo hili. Sababu moja ni ya kihistoria. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na masharti yakalegezwa baadaye. Istilahi huzaliwa mahali penye kazi, na katika miaka ile kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wachache mno. Ilipofika mwaka 2004 mambo yalikuwa mengine: mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Programu ya aina hiyo ina toleo lake la Windows na toleo lake la Linux, na kwa hiyo haihitaji kiigaji, kipatanishi wala mashine pepe. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, ni ya namna hiyo hiyo. Kwa kazi nyingi za steshenari, kuhamia katika programu ya namna hii ni nafuu kuliko kuibeba ya zamani mgongoni. Maombi ya mikopo nayo hujazwa katika kivinjari, ambacho hakijali sana mfumo endeshi ni upi.

Limebaki jambo moja la sarufi. Katika mashine pepe tunahitaji majina ya mifumo miwili, ule unaopokea na ule unaopokewa, na "mfumo mwenyeji" na "mfumo mgeni" yamekubalika bila mzozo. Mzozo unaanza katika wingi. Mgeni likichukuliwa kuwa kivumishi, wingi utakuwa "mifumo migeni", yaani isiyozoeleka, na hiyo siyo maana yetu: Windows imezoeleka kupita kiasi, ndiyo maana watu hawataki kuiacha. Likichukuliwa kuwa jina lililowekwa kando ya jina jingine, tutasema "mifumo wageni" na "mifumo wenyeji", kama tunavyosema nchi wanachama. Napendekeza tufuate njia hii ya pili, na "ngeni" tukaiachia programu, ambayo kweli ni ngeni mahali ilipo.